KOSA LAO SIO KUKAMATWA!

Kijana mwenzangu, karatasi hii umepewa bure pale kiwanjani. Naomba kitu kimoja tu: usiifungie karanga kabla hujafika mwisho.

Sikuandikii kwa sababu wewe ni mbaya kuliko wengine. Nakuandikia kwa sababu niliangalia mkanda mmoja pamoja na vijana wa rika lako, na maneno waliyosema baada ya mkanda kwisha yamekataa kutoka moyoni mwangu.

WENYE AKILI KULIKO WOTE

Mkanda wenyewe siyo wa kupigana wala wa mapenzi. Ni filamu ya mambo ya kweli, wahusika wenyewe wanaonekana wakiongea. Ilitengenezwa Marekani na bwana mmoja aitwaye Alex Gibney, ikatoka mwaka 2005. Jina lake ni Enron: The Smartest Guys in the Room. Kwa Kiswahili chetu ni kama kusema, Enron, wale jamaa wenye akili kuliko wote waliomo chumbani. Rafiki yangu mmoja mwenye kibanda cha video alituwekea jioni moja. Tulikuwa kama watu kumi na wawili, wengi hawajaokoka, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita akawa anatutafsiria.

Hebu nikueleze kwa ufupi. Enron ilikuwa kampuni kubwa sana, makao yake Houston, jimbo la Texas. Ilianza mwaka 1985, kampuni mbili za mabomba ya gesi zilipoungana. Baadaye haikutegemea tena mabomba peke yake, ikawa kama dalali wa gesi na umeme: inanunua huku, inauza kule. Jarida kubwa la biashara la Marekani, Fortune, likaisifu miaka sita mfululizo kuwa ndiyo kampuni yenye ubunifu kuliko zote. Kwa mapato ya mwaka 2000 ilihesabiwa kuwa ya saba katika nchi nzima ya Marekani. Mwezi Agosti mwaka huo hisa yake moja iliuzwa dola 90. Vijana waliotoka vyuo vikuu vyenye majina walipigana vikumbo kuingia pale.

Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Ile hisa ya dola 90 ilikuwa haifiki hata dola moja. Jengo lao la vioo la ghorofa 50 likabaki limesimama, lakini kampuni ndani yake imekwisha.

MWEMBE WA DAFTARINI

Utauliza, kampuni kubwa namna hiyo inakufaje ghafla? Jamani, haikufa ghafla! Ilikuwa inaumwa siku nyingi, ila ilikuwa imevalishwa nguo nzuri.

Sikiliza mfano. Kijana anapanda mche wa mwembe leo. Kesho yake anafungua daftari na kuandika: nimeuza maembe ya miaka 20, faida yangu ni hii hapa. Halafu anajilipa mshahara mnono kwa maembe hayo ambayo hata maua bado. Mche ukikauka, hafuti kilichoandikwa. Anapanda mwingine na kuandika faida kubwa zaidi ili kufunika ule uliokauka. Ndivyo ilivyokuwa Enron. Bwana Jeffrey Skilling, aliyekuwa kichwa cha mipango ile, ndiye aliyetaka hesabu ziandikwe namna hiyo, na mwaka 1992 wasimamizi wa serikali wakamkubalia. Mwaka 2000 walifunga mkataba wa miaka 20 na kampuni ya kukodisha mikanda, Blockbuster, ili watu waangalie filamu majumbani kwa njia ya waya. Kazi ilikuwa kwenye majaribio tu, lakini faida ya makumi ya mamilioni ya dola ikaandikwa. Machi 2001 mkataba ukavunjika. Mwembe ulikauka, maembe yalikwisha liwa!

Na madeni je? Madeni yalifichwa. Mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aliunda vikampuni vingi vya pembeni. Hasara ya Enron inasukumiwa kule, vitabu vya Enron vinabaki visafi. Baadhi ya vikampuni hivyo aliviongoza yeye mwenyewe, akajipatia zaidi ya dola milioni 30.

Sasa angalia hili. Enron walikuwa na kitabu cha maadili. Toleo la mwaka 2000 lilikuwa na kurasa 64! Maneno yao makuu yalikuwa manne: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Lakini mwaka 1999 halmashauri ya wakurugenzi ilikaa ikakubali kuiweka kando sheria yao wenyewe, ili Fastow aweze kuongoza vikampuni vyake huku bado ni mkuu wa fedha. Umeona? Kanuni zilikuwepo kitabuni. Moyoni hazikuwepo.

Kuna na jingine. Mwaka 1998 wachunguzi wa masoko ya hisa walikuja kuitembelea kampuni. Wakapitishwa kwenye chumba kikubwa kimejaa meza, kompyuta na simu, watu wanauza na kununua kwa kasi, simu masikioni. Baadaye ikajulikana kwamba wengi waliokaa pale waliletwa kuigiza tu. Makarani wamevalia vizuri, wanaongea na simu, upande wa pili hakuna mnunuzi!

Rafiki yangu, usicheke haraka. Ni wangapi leo wanaishi hivyo? Picha za kujionyesha, gari la kuazima, simu ya mkopo, na ndani hamna kitu.

MANENO YA VIJANA WATATU

Mkanda ulipokwisha, taa zikawashwa. Wa kwanza kuongea alikuwa kijana wa bodaboda. Akapiga makofi akasema, "Hawa jamaa ni vichwa! Mimi nimewavulia kofia."

Wa pili, fundi simu, akasema, "Kosa lao ni kukamatwa tu. Wangeacha mapema, sasa hivi wangekuwa wanakula raha zao."

Watu wakacheka, wengi wakakubali. Halafu akaongea binti mmoja aliyekaa nyuma. Yeye anafanya kazi kwenye ofisi ya mikopo, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu. Hakucheka. Akasema, "Kazini kwetu ni hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi majina yanabandikwa ukutani. Ukiwa wa mwisho mara mbili, unaondoka. Sasa Mwinjilisti, mimi nikikataa, nitakula nini?"

Kibanda chote kikanyamaza. Jioni ile nilijibu kwa haraka haraka, na jibu langu halikutosha. Karatasi hii ni jibu langu la pili. Naanza na yule wa kwanza.

KWAKO UNAYESEMA "NI VICHWA"

Akili walikuwa nazo, sikatai. Mungu hachukii akili, yeye ndiye aliyeitengeneza. Soma Mwanzo sura ya 41. Yusufu alikuwa meneja wa chakula cha nchi nzima ya Misri. Miaka saba ya kuweka, miaka saba ya kugawa, jumla miaka 14. Hizo ni hesabu za kichwa kikali! Lakini angalia tofauti. Yusufu alipofungua ghala wakati wa njaa, nafaka ilikuwemo. Enron walipofungua ghala, walikuta karatasi.

Hiyo ndiyo mizani ya kupimia akili yako. Usiulize, mimi ni mjanja kiasi gani? Uliza, siku ghala langu litakapofunguliwa, kutakuwa na nini? Maana litafunguliwa. Luka 12:2 inatuhakikishia kwamba hakuna kifuniko kitakachobaki kimefunikwa.

KWAKO UNAYESEMA "KOSA LAO NI KUKAMATWA"

Wewe ndiye hasa niliyekuandikia kichwa cha karatasi hii. Kaa hapa tuongee taratibu.

Mwaka 2000 na 2001 jimbo la California lilipata mgao wa umeme. Sisi mgao tunaujua, chakula kinaoza kwenye friji, fundi wa kuchomelea anakaa bila kazi. Lakini mitambo ya California ilikuwepo! Wafanyabiashara wa umeme wa Enron, vijana wenye umri kama wako, walicheza na njia za umeme na na sheria za soko ili umeme uadimike na bei ipande. Kuna simu ambayo mmoja wao alipiga kwenye kituo cha kuzalisha umeme, akawaomba wabuni sababu yoyote wauzime mtambo. Nao wakauzima. Moto wa msitu ulipoharibu njia ya umeme, wao walishangilia, maana bei itapanda. Walifanya mzaha juu ya bibi kizee anayedai arudishiwe fedha alizonyang'anywa kwenye bili ya umeme. Wakacheka kweli kweli.

Tunajuaje haya? Kwa sababu simu zao zilikuwa zinarekodiwa na kampuni yao wenyewe! Sauti zao zimo kwenye mkanda, nimezisikia kwa masikio yangu. Watu wanaogopa kitabu cha mbinguni kama hadithi ya watoto, kumbe hata duniani kila kicheko kilikuwa kinaandikwa.

Sasa niambie. Kama wale vijana wasingekamatwa kamwe, je, yule bibi asingekaa gizani? Angekaa! Giza lilimpata siku ile ile mtambo ulipozimwa. Kukamatwa kulikuja baadaye. Kosa lilikuwa limekwisha tendeka, na mtu alikwisha umia.

Kuna fundi wa nguzo za umeme kule Portland, jimbo la Oregon, kampuni yake ilikuwa imenunuliwa na Enron. Mtu wa kupanda juu ya nguzo kwenye mvua, mikono yake migumu. Akiba yake ya uzeeni ilikuwa kwenye hisa za Enron. Wakati mambo yamepamba moto ilifika zaidi ya dola laki tatu. Alipokuja kuuza, alipata kama dola elfu moja na mia mbili. Hakuiba hata msumari! Na mwezi Oktoba 2001, hisa zikiwa zinaporomoka, wafanyakazi walifungiwa akaunti zao za akiba kwa siku kadhaa, hawawezi kuuza, eti utaratibu wa usimamizi unabadilishwa. Wakubwa walikuwa wamekwisha uza zao mapema. Mkanda unataja dola milioni 116 walizochukua wakubwa kwa kuuza hisa, na zaidi ya dola bilioni moja za akiba za uzeeni walizopoteza wafanyakazi. Yakobo 5:4 inasema habari za ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa, kwamba unalia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Mimi naamini fedha ya yule fundi inalia mpaka leo.

Unasema wangeacha mapema. Mdogo wangu, hapo ndipo Shetani anapokudanganya. HAWAKUWEZA KUACHA! Kumbuka mwembe. Uongo wa mwezi huu unadai uongo mkubwa zaidi mwezi ujao, ili wa kwanza usionekane. Ni kama mkopo wa kulipia mkopo. Hakuna siku ambayo wangeamka na kusema, leo tumetosheka, tunaacha, maana siku wakiacha kudanganya ndiyo siku watu watajua. Mtu anadhani ameushika uongo mkononi, kumbe uongo ndio umemshika yeye. Ndiyo maana Yesu alisema katika Yohana sura ya 8 kwamba atendaye dhambi amekuwa mtumwa. Mtumwa hastaafu kwa kupenda kwake. Mtumwa hukombolewa!

KWAKO DADA YANGU ULIYEULIZA "NITAKULA NINI?"

Dada yangu, swali lako ni la kweli kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile.

Enron nao walikuwa na ukuta wa majina. Kila mfanyakazi alipimwa na wenzake na kupewa namba, 1 hadi 5. Moja ni bora, tano ni mbaya. Ilikuwa lazima watu fulani wapewe tano, kati ya kila mia kama kumi mpaka kumi na tano, hata kama wote wamefanya kazi vizuri. Na mwenye tano yuko mlangoni kutoka. Unafikiri mtu atamwambia bosi, hapa tunadanganya, wakati wenzake ndio watakaompa namba? Skilling aliamini kwamba kinachomsukuma binadamu ni fedha na hofu ya kushindwa. Akajenga nyumba kwa matofali hayo mawili, na nyumba ikazaa kile alichokiamini. Mtu akamla mtu.

Mkanda unaonyesha jambo jingine la kutisha. Mwaka 1961, kwenye chuo kikuu cha Yale, mtaalamu Stanley Milgram aliwaita watu wa kawaida. Akawaweka mbele ya mashine yenye swichi, wakaambiwa mtu aliyeko chumba cha pili akikosea jibu wampige shoti ya umeme, kila mara kali zaidi, mpaka volti 450. Shoti haikuwepo, aliyekuwa akilia alikuwa anaigiza, lakini wao hawakujua. Wengi walitetemeka na kutoka jasho. Aliyevaa koti la kazi akawaambia tu, endelea. Katika watu 40, watu 26 walifika mpaka mwisho!

Hawakuwa majambazi. Walikuwa watu waliozoea kusema, mimi nimetumwa tu. Pilato naye alinawa mikono. Lakini maji yale hayakumsafisha.

Lakini si wote walionyamaza. Mama mmoja, Sherron Watkins, mmoja wa wakubwa wa Enron, mwezi Agosti 2001 alimwandikia mwenyekiti Kenneth Lay barua kumweleza wazi kwamba hesabu zile zitawaangusha. Siku chache baadaye wanasheria walikuwa wanaandikiana iwapo anaweza kufukuzwa. Hakufukuzwa, lakini hakujua hilo alipoandika. Aliandika akiwa anaogopa. Ujasiri siyo kukosa hofu, dada yangu.

Sasa sitakudanganya kwamba ukikataa utapandishwa cheo kesho. Wapo wahubiri watakaokuambia hivyo. Mimi nakueleza nilichopitia.

USHUHUDA WANGU

Kabla sijaokoka nilikuwa stoo kipa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi mjini. Meneja akaniambia, mzigo wa saruji ukiingia mifuko 80, wewe andika 100, sahihi yako weka hapa. Nikaweka. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Mara ya kumi niliandika huku nakula chapati. Yeye anapata kikubwa, mimi napewa cha soda na nauli.

Siku mwenye mali alipokuja kuhesabu, mifuko ilikosekana. Meneja akamwonyesha kidole mlinzi wa usiku, mzee mmoja mnyonge, shuka lake limechanika. Akafukuzwa siku ile ile bila mshahara wa miezi minne aliokuwa anadai. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kalamu iko sikioni. Sikusema kitu. Nilijiambia, nikisema nitakula nini?

Miaka mitatu baadaye nikaokoka, nikafurahi, nikaimba. Mchungaji wangu aliponisikia nikishuhudia akaniita pembeni akaniuliza, "Kwa Mungu umetubu. Na yule mzee je?" Nilikosa usingizi wiki nzima. Nikapanda basi mpaka kijijini kwake. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ulijua siku ile ile?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Mke wangu amekufa akidhani mimi ni mwizi."

Kijana, hakuna adhabu ya mahakama iliyowahi kunichoma kama maneno yale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu halikuwa kukamatwa, maana mimi sikukamatwa kamwe!

Hakuniambia siku ile kwamba amenisamehe. Aliniambia, "Uje tena." Nikaenda tena. Nilimlipa mshahara wake wa miezi minne kidogo kidogo, mwaka mzima na zaidi, kwa kazi ya kubeba mizigo sokoni. Kwa mwenye duka nilikwenda pia, akanifukuza kama mbwa, lakini alijua mzee hakuiba. Nikala nini? Kuna siku nilikula uji mtupu, sikufichi. Lakini nililala usingizi.

MUNGU HANA WAJUKUU

Neno kwa wewe uliyezaliwa kanisani ukaacha kwenda. Kenneth Lay, mwenyekiti na mwanzilishi wa Enron, alizaliwa katika umaskini, na baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Alikua anaimba nyimbo unazozijua wewe. Tarehe 25 Mei 2006 baraza la mahakama lilimkuta na hatia. Tarehe 5 Julai mwaka huo huo, kabla hajasomewa kifungo, moyo wake ukasimama, umri miaka 64. Kwa kuwa alikufa kabla ya rufaa, mahakama ikaifuta ile hatia, na yeye mpaka mwisho alisema hana kosa. Mimi siyo hakimu wake. Ninachosema ni kwamba dini ya baba haikumwongoza mwana hesabuni. Mungu ana wana, hana wajukuu. Ni lazima wewe mwenyewe uje.

Skilling alihukumiwa miaka 24, ikapunguzwa mwaka 2013 kuwa 14, akaachiwa huru mwaka 2019. Fastow alikiri, akafungwa miaka sita, na baada ya kutoka amesimama mbele ya wanafunzi akisema wazi kwamba alikosa. Mwingine, Cliff Baxter, aliyekuwa makamu mwenyekiti, mwezi Januari 2002 alijiua. Hapa nasimama kidogo. Kama wewe unayesoma umebeba siri mpaka unaona afadhali kufa, NAKUSIHI, usilale peke yako na siri hiyo. Mtafute mtu unayemwamini leo hii, mwambie. Hakuna hesabu mbaya ambayo uhai wako ni malipo yake. Yuko aliyekwisha lipa.

ZAKAYO ALISHUKA MTINI

Soma Luka 19. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri kwa jasho la wengine. Yesu hakungoja akamatwe. Alimwita kwa jina, akala nyumbani kwake wakati mikono yake bado ina fedha ya wizi. Huo ndio upendo! Na upendo ule ulipoingia, Zakayo mwenyewe akafungua daftari mbele za watu: niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakuna polisi aliyemshika shingo. Wokovu wa kweli unafika mpaka mfukoni.

Rafiki yangu, mwembe wako wa daftarini ni upi? Vyeti vya kununua? Chenji ya abiria? Mtihani wa kuibia? Bibi uliyemwekea kidole kwenye mkopo asiouelewa? Wewe unajua. Yesu naye anajua, na bado anakuita kwa jina lako. Njoo kabla ghala halijafunguliwa.

Kama uko tayari, sema naye hivi kutoka moyoni:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeandika uongo na nimeula. Nimenyamaza mtu mwingine akiumia. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, nivunje utumwa huu. Nipe ujasiri wa kurudisha nilichochukua na kusema nilichoficha. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali, fanya mambo matatu. Kwanza, wiki hii hii nenda kwa mtu mmoja uliyemdhulumu. Anza na mmoja. Pili, tafuta kanisa linalohubiri wokovu, usikae peke yako. Tatu, ukimaliza kusoma usiitupe karatasi hii, mpe mwenzako.

Yule binti wa ofisi ya mikopo hajarudi kuniambia aliamua nini. Namwombea kila asubuhi. Dada, kama karatasi hii imekufikia, mimi na mke wangu uji tunao. Karibu mezani.